Masikio Yangu Hayana Msimamo

Juzi nimepitiliza kituo kwa makusudi, na nataka nieleze mwenyewe kabla konda hajanitangulia. Konda hana kosa. Aliita "Mtongani! Mtongani wapo?" mara mbili, akagonga bati la daladala, akanitazama usoni kwa sababu nilikuwa nimemwambia mapema kwamba nashuka hapo. Mimi nikageukia dirishani kama mtu asiyehusika. Gari likaondoka. Nikaenda kushukia Rangi Tatu, nikavuka barabara, nikapanda gari jingine la kurudi, nikalipa nauli ya pili, nikafika nyumbani wali umeshapoa na mwenye wali amenuna.

Sababu ni kwamba dereva alikuwa amefungulia taarabu, na wimbo ulikuwa haujaisha.

Taarabu si wimbo wa kudandia. Fidla na vinanda vinatangulia, vinapiga hodi, vinazunguka nyumba, vinaondoka, vinarudi, na mwimbaji anatokea akishaona mmetulia. Dakika 15 zinaweza kukatika na ugomvi ndiyo kwanza unaanza kunoga. Mtu anayeshuka kati ya ubeti wa pili na wa tatu hana adabu, ni sawa na kuondoka msibani mara tu baada ya kula.

Kinachoniudhi si nauli ya pili. Kinachoniudhi ni kwamba wimbo wenyewe naujua, na nimeuchukia tangu 1994. Nilikuwa nauchukia kwa bidii, kwa moyo mmoja, kama watu wanavyochukia timu ya upande wa pili. Jina lake silitaji hapa kwa sababu mke wangu husoma safu hii, na kwenye harusi ya mdogo wake nilimtangazia kwamba ukipigwa ule wimbo mimi natoka ukumbini. Ukapigwa. Nikatoka. Sasa nimwambie nini? Kwamba nimechelewa kwa sababu ya wimbo uleule, na kwamba pale Rangi Tatu nilibaki kwenye siti mpaka dereva akazima injini?

Mwaka 1994 nilikuwa kidato cha nne. Tulikuwa tunakaa Temeke, nyumba ya kupanga ya vyumba sita, vitatu kushoto, vitatu kulia, korido katikati, uani bomba moja na kamba moja ya kuanikia nguo. Hiyo kamba ndiyo iliyoniharibia kemia. Mama wa chumba cha mbele na mama wa chumba cha uani walikuwa wamegombana juu yake, nani anaanika lini na kanga ya nani iliangushwa tope na nani, wakaacha kusemeshana. Kwa vinywa, nasema. Kwa kaseti walikuwa wanasemeshana kutwa.

Enzi hizo TOT walikuwa na Khadija Kopa, Muungano walikuwa na Nasma Khamis, na makundi hayo yalikuwa yakirushiana vijembe vya taarabu jukwaani, kwa hiyo silaha hazikuwa haba mjini. Mama wa chumba cha mbele alikuwa na redio kaseti ya milango miwili. Nilishamwona akifanya kazi. Anakaa kwenye kigoda, anabonyeza kurudisha nyuma, kaseti inalia kama paka aliyebanwa na mlango, anasikiliza, bado, anarudisha tena, mpaka aufikie ubeti anaoutaka. Kisha anapandisha pazia la mlangoni na kulifunga fundo, anaigeuza redio spika zitazame uani, anafungulia sauti hadi mwisho. Halafu yeye mwenyewe anatoka na ndoo, anakwenda bombani taratibu, anateka maji, uso mkavu, kana kwamba hiyo redio ni ya serikali. Ubeti ukiisha anarudi ndani. Kaseti inalia tena kama paka.

Na mimi niko kwenye mkeka koridoni, daftari mapajani, nakariri jedwali la elementi. Hadi leo ukiniuliza valensi ya kalsiamu naanza kusikia fidla.

Nilikuwa nimejiapiza kwamba nikipata chumba changu, taarabu haitavuka kizingiti. Nilikuwa kijana wa rapu. Suruali yangu ilikuwa inatosha watu wawili, na nilikuwa na daftari maalumu la kunakili mashairi ya Wamarekani kwa kusikia tu, bila kujua wanasema nini. Nililikuta hilo daftari wakati tunahama. Ukurasa mzima umejaa herufi ambazo si Kiingereza, si Kiswahili, ni maombi ya mtu anayezama. Nyimbo zenyewe nilijaribu kuzisikiliza usiku huo. Sikufika ya tatu. Nilizozipenda zimenichacha mdomoni, nilizozichukia ndizo zinanipitilizisha vituo, na hakuna ofisi ya kupeleka malalamiko ya namna hii.

Kwa baba yangu mambo yalikuwa mengine lakini mateso yaleyale. Baba alikuwa mtu wa Sikinde. Vijana wa sasa wanadhani ushabiki ni Simba na Yanga peke yake. Msondo na Sikinde zilikuwa zinagawa nyumba. Mlimani Park, yaani Sikinde yenyewe, ilipoanza mwaka 1978 baba alihamia huko na roho yake yote, wakati baba mdogo alibaki Msondo, bendi iliyokuwa imeanza mwaka 1964 kwa jina la NUTA Jazz na ikabadili majina kila chama cha wafanyakazi kilipobadili lake. Jumapili wakikutana walisalimiana kwa upole wa watu wenye kesi mahakamani. Mwaka 1985 waimbaji Muhidin Maalim Gurumo na Hassan Bitchuka walipochomolewa Sikinde kwenda Safari Sound, baba alipoteza hamu ya kula. Mama alidhani amefukuzwa kazi.

Redio ya baba ilikaa juu ya kabati, imefunikwa kitambaa cha kudarizi, na betri zake zilianikwa juani mchana kama dagaa. Kuigusa ilikuwa kosa la jinai. Wakati wa muziki wa dansi tulikusanywa sebuleni, si kwa mapenzi bali kwa sababu sebule ndiyo iliyokuwa chumba cha kulala cha watoto. Wimbo unaanza polepole, mtu analalamika kwamba ametendwa, mwenzake anaitikia kwamba kweli umetendwa, tarumbeta zinakubaliana nao wote wawili. Sisi tunasinzia. Halafu magitaa yanabadilika, baba ananyoosha kidole juu, anafumba macho.

"Sikiliza hapo!"

Tunasikiliza. Hakuna kitu. Gitaa linafanya lilelile lililokuwa likifanya.

"Umesikia?"

"Nimesikia, baba."

Hatukuwa tumesikia. Kwa miaka kama 10 ya utoto wangu nimemdanganya baba kila Jumapili kuhusu hilo gitaa. Niliamini ni mojawapo ya yale mambo ya watu wazima yasiyokuwepo, kama utamu wa mlenda, au raha ya kukaa barazani bila kufanya chochote.

Aprili 2014 Gurumo alipofariki, redio zilipiga nyimbo zake kutwa nzima. Mimi nilikuwa kwenye foleni ya magari, nimechoka, nina rejesho la mkopo kazini na kodi ya nyumba mwisho wa mwezi. Sauti ikaanza kulalamika kwamba ametendwa. Nikajisemea kweli umetendwa, mzee wangu, na mimi pia. Tarumbeta zikakubaliana nasi. Kisha yale magitaa yakabadilika, na pale pale, kwenye foleni, nikasikia. Lile gitaa dogo linapanda ngazi wakati lile kubwa linashuka, yanapishana katikati kama watu wawili kwenye korido nyembamba, na hakuna anayemgusa mwenzake. Lilikuwepo muda wote. Nikanyoosha kidole juu, peke yangu ndani ya gari. Mwenye bodaboda aliyekuwa pembeni alidhani namwita.

Nikampigia baba simu. "Baba, nimesikia!" Akaniuliza nimesikia nini. Nikamweleza. Akanyamaza kidogo halafu akasema, "Sasa ulikuwa unajibu nini siku zote?"

Baba naye asijifanye mtakatifu. Nilipokuwa nacheza rapu yeye ndiye aliyekuwa akisimama mlangoni na kuuliza kama huo ni muziki au ni mtu anasoma taarifa ya habari huku anakimbizwa na mbwa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Professor Jay alipotoa "Ndio Mzee", ule wimbo unaomkejeli mgombea wa siasa anayeahidi mambo yasiyowezekana, baba alisema ni utovu wa heshima kwa viongozi, akazima. Mwaka 2015 Professor Jay mwenyewe akagombea, akashinda, akawa mbunge wa Mikumi. Siku hiyo baba alikuwa mbele ya televisheni. "Huyu mheshimiwa," akasema, "mimi toka zamani nilijua ana kichwa." Tangu hapo wimbo ukipigwa hauzimwi. Anatikisa kichwa na kucheka sehemu zote sahihi, maana yake alikuwa anausikiliza tangu wakati ule wa kuuzima.

Na mama? Mama alikataza Remmy Ongala nyumbani kwa ajili ya "Mambo kwa Soksi", wimbo uliohusu kondomu, ambao hata Redio Tanzania iliukwepa. Kwa mama lile neno soksi lenyewe lilibadilika. Ilibidi tuseme "za miguuni". Leo anakwenda Sinza kumwona dada yake kila mwezi, na kituo anachoshukia kinaitwa kwa Remmy. "Nishushe kwa Remmy, mwanangu," anamwambia konda kwa sauti ya upole, kama anayemtaja mtu wa ukoo.

Nikapeleka shauri hili kwa binti yangu, anayesoma saikolojia mwaka wa pili chuo kikuu, masomo ambayo mimi ndiye ninayeyalipia kwa hiyo nina haki ya kupata ushauri wa bure. Akaniambia jibu lipo tangu 1968. Kulikuwa na mtaalamu huko Marekani, Robert Zajonc, jina ambalo binti yangu analitamka tofauti kila siku. Huyu aliwaonyesha watu maneno yasiyokuwa na maana yoyote, na herufi za kubuni zinazofanana na za Kichina. Mengine waliyaona mara moja, mengine mara 25. Kisha akawauliza, unadhani hili lina maana nzuri au mbaya? Yale waliyoyaona mara nyingi wakasema yana maana nzuri. Kwa nini? Basi tu, wameyazoea.

"Kwa hiyo, baba," binti akasema, "hujabadilika kitu. Umezoea."

Maneno ya kuumiza hayo kumwambia mtu aliyelipa ada. Lakini nikamkumbuka shangazi yangu. Harusi ya shangazi ilifunguliwa kwa "Mario" wa Franco, wimbo uliovuma tangu 1985, mrefu kama safari ya Tabora kwa treni, na bwana harusi aliingia nao ukumbini kifua mbele. Ulikuwa umepigwa mjini mara nyingi mno, si mara 25 za Zajonc, na hakuna aliyekuwa na shaka kwamba maana yake ni nzuri. Kilingala hatukijui, lakini kinasikika kama mapenzi. Miaka mingi baadaye nikafanya kazi na Mkongo mmoja, nikamwomba anitafsirie. Alipomaliza kucheka akaniambia wimbo unamsema kijana mvivu anayelelewa na mama mtu mzima mwenye fedha zake, na mama mwenyewe amechoka. Shangazi alikuwa amemzidi bwana harusi miaka tisa na alikuwa na duka la vitenge. Sijamwambia. Wewe msomaji ukikutana naye, nawe usimwambie.

Hata hivyo nadharia ya Zajonc simwachii binti ashinde nayo bure. Kama kuzoea kunatosha, mbona sijaupenda msumeno wa fundi seremala wa jirani unaoanza saa moja asubuhi? Nimeshausikia mara elfu. Mbona tangazo la dawa ya mende linalopigwa katikati ya taarifa ya habari bado linanipandisha shinikizo la damu? Na yule mama wa chumba cha mbele alimaliza mara 25 zake kabla chai haijachemka, siku ya kwanza, na nilimchukia yeye, wimbo wake na kamba ya nguo kwa miaka 17 mfululizo.

Nikikumbuka vizuri, mambo yaligeuka mwaka 2011, tulipopanga nyumba yenye uzio mmoja na familia nyingine. Jirani yule alikuwa mtu wa kunyanyua kifuniko. Hakuna sufuria iliyochemka kwetu bila yeye kujua kuna nini ndani, na jioni mtaa mzima unajua tumekula mchicha siku ya nne. Nikavumilia. Siku moja nikiwa nanyoa ndevu, redio ya mahali fulani ikafungulia ule wimbo, ukafika ule ubeti unaomhusu mtu asiyelala mpaka ajue mwenzake kapika nini. Wembe ukasimama shavuni. Nilikuwa naujua ubeti huo neno kwa neno tangu kidato cha nne, lakini sikuwahi kujua unamhusu nani. Kumbe unamhusu huyu! Nilitoka na povu usoni, nikafungua dirisha la upande wake, nikaongeza sauti. Halafu, nisameheni, nikachukua ndoo.

Kwa hiyo mimi naona kijana wa miaka 17 hakupaswa kuupenda. Alikuwa hadaiwi na mtu, hajasengenywa, hana sufuria. Angeupenda kwa lipi? Hata wazee wetu hawakuanza kwa kupenda. Siti binti Saad alitoka Fumba akiuza vyungu, na alipoingia mjini Unguja na sauti yake walikuwepo waliomwimbia kwa kumbeza asili yake na sura yake. Mwaka 1928 akapelekwa Bombay kurekodi santuri, na Shaaban Robert akaja kumwandikia wasifu. Wale waliombeza, nina hakika, baada ya hapo walisema toka zamani walijua ana kichwa.

Nilikuwa nimeridhika kabisa na maelezo yangu haya mpaka singeli ilipoingia nyumbani.

Singeli nilikuwa nimeiwekea pingamizi la kudumu. Muziki huu umezaliwa uswahilini hapahapa, Manzese, Tandale na huko, mtoto wa mchiriku wa vinanda vidogo, na unakimbia mapigo zaidi ya 200 kwa dakika. Daktari wangu ananitaka moyo uende 80. Kijana anaimba kama mtu anayewahi kumaliza kabla hajakatiwa umeme. Mwanangu wa kiume, yuko kidato cha pili, anaosha vyombo nao, na sahani zetu sasa hazifiki sita zinazofanana. Nikamkataza. Akatii. Kisha akachukua simu yangu, akasema anaondoa vitu visivyohitajika ili iwe nyepesi, na akaniwekea singeli kuwa mlio wa simu.

Sikugundua kwa sababu siku hizi hakuna anayepiga, wote wanaandika. Niligundua msibani. Tumekaa kwenye mikeka, shehe ameanza dua, mikono iko juu, kimya kimetanda hadi unasikia kuku wa jirani. Nimevaa kanzu, na simu iko kwenye mfuko wa suruali chini ya kanzu. Ikaanza. Kwanza ile ngoma, halafu yule kijana akaingia mbio. Nikaupandisha upindo wa kanzu, nikaukosa mfuko, nikapapasa, nikaukalia, sauti ikawa nzito lakini haikukoma. Shehe hakukatisha, ila aliongeza kasi, na sitaki kusema alikuwa anafuata nini. Na mzee aliyekaa kulia kwangu, mzee mwenye heshima zake, macho chini, midomo ikisema amina, kidole gumba chake cha mguu kilikuwa kinacheza. Nimekiona kwa macho yangu haya.

Aliyepiga alikuwa mke wangu, anataka nirudi na nyanya.

Sikujua namna ya kuutoa ule mlio, na kwa kiburi sikutaka kumwomba aliyeuweka. Ukakaa. Ukalia benki, ukalia kwenye kikao cha wazazi shuleni. Kila ukilia nachelewa kupokea kidogo. Mwanzo nachelewa kwa sababu ya aibu. Baadaye, mke wangu ndiye aliyeliona hili, nachelewa kwa sababu nasubiri pale kijana anapovuta pumzi, ngoma inabaki peke yake, kisha anarudi. Nikamwambia macho yake yana matatizo. Akasema si macho, ni bega. "Bega lako la kushoto," akasema, "linapokea simu kabla yako."

Mwezi uliopita simu ikadumbukia kwenye ndoo. Fundi wa kibanda cha karibu na kituo akaifungua, akaikausha, akaiflashi, akanirudishia ikiwa nzima na mpya kabisa, na mlio wake wa kiwandani, ting ting, kama kijiko kwenye glasi. Nilimshukuru Mungu. Siku ya kwanza nikakosa simu nne kwa kudhani mtu anakoroga chai. Siku ya pili nilikaa jikoni nikiosha vyombo na nikajikuta nimesimama, sahani mkononi, nasubiri kitu ambacho hakiji. Mwanangu alikuwa mlangoni, ananiangalia. Nikamuuliza anaangalia nini.

Jana jioni nikapita kibandani kwa fundi. Nilisubiri wateja wawili waondoke. Nikamwambia kwamba kuna mlio ulikuwepo humu, wa mtoto, na mtoto anaulilia. Fundi akauliza wimbo gani. Nikasema singeli. Akasema, mzee wangu, singeli ziko elfu, unaitwaje? Sikujua unaitwaje. Nani ameimba? Sikujua nani ameimba. Fundi akaweka bisibisi mezani, akafuta mikono, akasema basi niimbie kidogo, nikiusikia nitaujua.

Nikatazama kushoto. Nikatazama kulia. Kituo kilikuwa kimejaa watu wanaotoka kazini. Nikainamia kwenye kile kidirisha, nikakohoa, nikaanza, kwa sauti ya chini, ile ngoma kwanza, halafu kijana anapoingia.

Fundi akasikiliza, kichwa upande, kama daktari.

"Mzee," akasema, "ongeza spidi."